Hofu ya kurogwa na Mfalme aliyekwisha kushinda

Dada wa Mwanjelwa, Mbeya, pole sana. Unasema umeokoka, ila tangu ukute hirizi mlangoni pa kibanda chako cha mchele hulali, na umeshanunua mafuta ya upako mara tatu. Mafuta hayo ndiyo yanayoilisha hofu: chupa ikiisha, unajiona huna ulinzi. Acha kuyanunua. Hirizi ichome, uendelee kuuza.

Kisha shika Wakolosai 2:13-15. Soma kwa sauti, polepole, asubuhi na usiku, ukiangalia mpangilio wake: kwanza hati ya mashtaka inafutwa na kugongomewa msalabani, ndipo enzi na mamlaka, yaani nguvu za giza, zinavuliwa silaha. Silaha ya adui ilikuwa deni letu la dhambi. Likishafutwa, hana la kutushitakia. Maneno "mkogo" na "akizishangilia" katika mstari wa 15 yana picha ya gwaride la Kirumi, jemadari mshindi akiwapitisha mateka mjini watu wote waone. Gwaride huja vita ikiwa imekwisha. Kwa hiyo sala yako ianze na shukrani, si kukemea mapepo saa nzima.

Wengi huteleza hapa: biashara ikidoda, wanadhani Kristo ameshindwa. Waebrania 2:8 inakiri kwamba bado hatujaona vitu vyote vikitiwa chini yake. Mchele ukidoda, angalia kwanza msimu; wa Kyela na Mbarali ukijaa sokoni, bei hushuka kwa wote.

Usingizi ukikosekana wiki mbili, mwone mchungaji wako, na daktari pia.