Muulize Fundi: Madigadi mafupi na taa za LED za nyuma

Habari za kazi, mafundi. Nina Boxer 150. Nataka kukata madigadi ya nyuma yawe mafupi na kuweka taa ndogo ya LED. Mtaani wananiambia nikate nusu. Nikate wapi hasa? – Msomaji, Morogoro

Nusu ya nini? Usikate kwa kukadiria, ndugu yetu. Kinachoamua ni pale tairi linapofika shokapu zikibonyea mpaka mwisho, na ukimpakia abiria mzito ukaparamia tuta, zitafika.

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Pima urefu wa fimbo ya kroma ya shokapu inayoonekana, kisha pima umbali kati ya bolti ya juu na ya chini ya shokapu hiyo. Fungua bolti za chini za shokapu zote mbili na upandishe gurudumu kwa jeki taratibu, mpaka umbali ule upungue kwa urefu wa fimbo. Hapo tairi liko juu kabisa. Sasa chungulia: kati ya tairi na kitu chochote kilicho juu yake, iwe madigadi, kichwa cha bolti au waya, pabaki milimita 30 au zaidi. Matope yakigandamana huila nafasi hiyo.

Kwa urefu, shusha uzi wenye kizito kutoka pale unapotaka kukata. Uzi ukidondoka nyuma ya ukingo wa tairi, ni sawa. Ukiangukia juu ya tairi, umekata mno, na masika abiria wako atashuka na mstari wa matope mgongoni. Taa yenyewe nayo itapakwa tope, na aliyeko nyuma yako hataiona.

Madigadi ya bati yakate kwa msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, au grainda. Ya plastiki ni msumeno tu, maana grainda huyayeyusha. Kwenye kona toboa kwanza tundu la milimita 4, kisha kata mpaka hapo. Kona kali ndiyo inayoanza kupasuka kwa mtikisiko. Piga tupa, msasa, praima ya kuzuia kutu, halafu rangi, na usisahau ukingo uliokatwa. Ikiwa keria imefungwa kwa bolti zilezile za madigadi, kipande kinachoibeba kisiguswe.

Bolti za taa mpya, M6 (unene wa milimita 6), ziingize kutoka chini: kichwa cha mviringo kiwe upande wa tairi, nati yenye plastiki ndani iwe juu. Wengi hufanya kinyume kwa sababu spana inafika kwa urahisi, kisha mkia wa bolti unachana tairi. Bakisha pia mahali pa kibao cha namba na taa yake nyeupe.

Nimeweka indiketa nne za LED. Zinapepesa kwa kasi ya ajabu, na nikiwasha ya kushoto, za kulia nazo zinawaka. Fundi ameniambia niongeze rezista. Ni kweli? – Msomaji, Mombasa

Hayo ni matatizo mawili, na rezista, kipande kinachokula umeme kama balbu, inagusa la kwanza tu.

Kasi inatoka kwenye flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa. Flasha ya zamani imezoea balbu mbili za wati 10 kila upande, karibu ampea 1.7. LED mbili hula wati mbili tatu kwa jumla, kwa hiyo flasha inadhani balbu imeungua na kuanza kukimbia. Flasha za aina ya joto hufanya tofauti: huwaka tu bila kupepesa. Dawa ni kununua flasha ya elektroniki ya LED. Mwendo unaotakiwa ni mipepeso 60 hadi 120 kwa dakika. Yenye miguu miwili ina B ya umeme unaoingia na L ya kwenda kwenye taa. Isipopepesa, huenda umegeuza nyaya zake. Yenye mguu wa tatu, E, mguu huo unaunga kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki.

Rezista inafanya kazi, lakini hatuipendi. Ya omu 10 hula karibu wati 19 injini ikizunguka, na wati hizo zote zinageuka joto. Ukiifunga kwenye plastiki chini ya kiti, itayeyusha. Kama huna njia nyingine, ifunge kwenye chuma cha fremu.

La pili liko kwenye dashibodi. Pikipiki nyingi ndogo zina kataa (taa ndogo) kamoja ka indiketa kwa pande zote mbili, kamefungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme hupita kwenye kataa hako kwenda kutafuta bodi kupitia indiketa za kulia. Balbu za wati 10 hazistuki kwa umeme mdogo hivyo, LED zinawaka. Nunua dayodi mbili za 1N4007, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Ondoa nyaya mbili za kataa. Waya wa kushoto uingie dayodi moja, wa kulia nyingine, upande usio na mstari. Unganisha pande zenye mstari pamoja na uzipeleke kwenye waya mmoja wa kataa. Waya wa pili wa kataa uunge kwenye bodi.

Nilitoa balbu ya kawaida ya nyuma nikaweka ya LED nyeupe kali. Mwanga umekuwa hafifu kuliko mwanzo. – Msomaji, Kisumu

Kioo chekundu huchuja rangi nyingine zote, na LED nyeupe ina nyekundu kidogo. Nunua LED nyekundu. Hakikisha pia ina ncha mbili chini, ya taa na ya breki, mfano wa balbu ya 21/5W: wati 5 za kutembelea, 21 za breki. Vipini vyake viwili vya pembeni havilingani kimo, kwa hiyo ikikataa kuingia, izungushe nusu duara, usiilazimishe.

Kioo cha nyuma cheusi na breki inayomwekamweka ni sawa? – Msomaji, Arusha

Hapana. Mchana hakuna anayeona kioo cheusi kikiwaka, na breki ikimwekamweka, anayekufuata atadhani ni indiketa.

Baada ya kubadilisha taa, fyuzi inaungua nikipita barabara mbovu tu. – Msomaji, Dodoma

Waya umekwaruzwa na unagusa chuma. Vua kiti, fuata nyaya mpaka chini ya madigadi, tazama zinapopita kwenye tundu la bati: pasipo raba, ngozi ya waya huisha. Weka raba kwenye tundu, ingiza nyaya kwenye mpira wa kufunika, zibane kwa klipu kila sentimita 15. Nyaya zikiwa za Honda, kijani ni bodi, kahawia ni taa, kijani chenye mstari wa njano ni breki, machungwa ni kushoto, bluu hafifu ni kulia. Kwa Bajaj na TVS usikisie. Tumia taa ya kupimia. Wala usiweke fyuzi kubwa zaidi, kwa kuwa kitakachoungua safari ijayo ni waya.