Kila sukari iachie mkono

Mwaka wangu wa kwanza maabara ya kemia nilitengeneza molekuli za sukari za aina 12, nikazipeleka kwa wenzetu wa biolojia kifua mbele. Dada aliyezipokea alinyanyua kichupa kimoja, akauliza: "Sasa kaka, hii nitaibandika vipi kwenye kioo?" Nikabaki kumtazama. Mwisho wa kila molekuli nilikuwa nimefunga methili (kaboni moja na haidrojeni tatu), na methili haishiki kitu. Miezi saba ikaishia frijini.

Kwa hiyo, kabla hujawasha hata kikorogeo, muulize atakayezitumia. Kama anataka kuzipanga kwenye kioo aone protini ipi inashika sukari ipi, au kuziunganisha na protini kwa ajili ya chanjo, kila sukari ipe mkono: mnyororo mfupi, kaboni 5 hivi, wenye amini mwishoni, yaani kikundi chenye nitrojeni kinachoshikana na vingine kwa urahisi. Amini hiyo ifunge kwa kikundi cha kuikinga mpaka hatua ya mwisho, kisha uifungue kwa haidrojeni na paladiamu, pamoja na vikundi vya benzili vinavyoikinga sukari yenyewe. Mwanzoni ni kazi ya siku chache. Ukisahau, unaanza upya.

Halafu achana na mashindano ya idadi. Glukosi mbili zenye pete za pembe sita zinaweza kuungana kwa njia 11. Wanga wa ugali na selulosi ya kuni zilizoupika zote ni glukosi. Kinachozitenganisha ni upande kiungo kinakoelekea, alfa huku na beta kule, na tumbo lako linaijua tofauti hiyo vizuri sana. Huwezi kutengeneza zote, basi chagua swali. Virusi vya mafua ya ndege hupendelea asidi ya sialiki iliyoungana na galaktosi (zote ni sukari) kwa kiungo cha 2,3, yaani kaboni ya 2 ya ile na ya 3 ya hii. Vya binadamu hupendelea 2,6. Jozi safi inayotofautiana hapo tu ina thamani kuliko vichupa mia vya kubahatisha.

Maji nayo! Ukifanya kazi Pwani wakati wa masika, hewa yenyewe ni adui: unyevu unawahi kuishika sukari kabla ya mwenzake uliyemkusudia. Mimi huikausha sukari kwa toluini mara tatu, na chembe za zeolaiti, zinazonyonya maji, nazipasha moto kwenye vakyumu asubuhi ileile. Za jana siziamini.

Mwisho ni kukagua, na hapa usimwachie mtu. Kwenye NMR, mashine inayosoma molekuli kwa sumaku, glukosi ya beta huonyesha mwachano wa hezi 8 hivi kati ya haidrojeni ya kwanza na ya pili. Alfa, 3 na ushei. Manosi, sukari nyingine, ndiyo tapeli: alfa na beta zote namba ni ndogo, hivyo tazama kaboni ya kwanza na haidrojeni yake, hezi 170 hivi kwa alfa, 160 kwa beta. Nasema hivyo kwa sababu kuna kichupa nilikiandika "beta" kwa wino usiofutika, na ndani yake ilikuwa alfa.