Saladi ilikuwa ya nani katika The Lunch Date?

Ndugu, umeuliza kwa nini The Lunch Date, filamu fupi ya Adam Davidson iliyopata Palme d'Or ya filamu fupi, tuzo ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1990 na baadaye Oscar, husifiwa kwa ukarimu wa yule mwanamume maskini, ilhali mwanamke tajiri ndiye aliyevumilia kuliwa saladi yake. Nadhani dakika za mwisho zilikupita, nazo ndizo zinazobeba filamu nzima.

Mwanamke, akiwa amekosa treni katika stesheni ya Grand Central, New York, ananunua saladi, anaiacha mezani, na anaporudi na uma anamkuta mwanamume mweusi akila. Analalamika, kisha anachoma uma wake katika sahani ileile. Na yule bwana, ambaye mwanzoni alimkatalia, anamwachia wale pamoja, halafu anainuka na kurudi na kahawa vikombe viwili. Hadi hapo sote tunamhurumia mama. Lakini anaporudi baadaye kutafuta mifuko yake aliyoisahau, anaikuta kwenye meza ya jirani, kando ya saladi yake ambayo haijaguswa. Kumbe muda wote alikuwa mgeni asiyealikwa.

Nakusihi uitazame tena ukilijua hilo. Mimi mara ya pili sikuweza kuondoa macho kwenye vile vikombe: mtu ameingiliwa chakula chake, tena na mtu aliyemdharau waziwazi, naye anakwenda kumletea kahawa bila kuombwa.