Mapambo ya unga wa chumvi yanavimba, kisha yanalainika: tatizo liko wapi?

Swali: Kila Krismasi natengeneza mapambo nyumbani kwa unga wa ngano na chumvi. Nikiyaweka ovenini kwa nyuzi 180 yanavimba katikati na kupasuka pembeni. Yaliyosalimika mwaka jana niliyapaka rangi upande wa mbele, nikayafunga kwenye mfuko wa plastiki. Mwaka huu nimeyakuta yamelainika, mengine yanatoa majimaji na rangi imebabuka. Halafu nyota za theluji ninazokata kwa karatasi zinatoka na ncha nane badala ya sita. Nakosea wapi?

Jibu: Matatizo ya unga, ijapokuwa yanaonekana mawili, chanzo chake ni kimoja: maji. Ovenini yalilazimishwa kutoka haraka mno, na kwenye mfuko yakarudi. Nyota za karatasi ni suala la mikunjo tu, nitalifikia mbele.

Nianze na donge lenyewe. Kwa kikombe cha mililita 250, chukua vikombe 2 vya unga wa ngano wa kawaida (karibu gramu 260), kikombe 1 cha chumvi laini ya mezani (karibu gramu 300), na maji ya uvuguvugu mililita 180 hadi 220. Unga usiwe ule uliokwisha kuchanganywa bekingi pauda kiwandani. Huo utavimba hata ukiushughulikia kwa uangalifu wote, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Chumvi iwe laini na safi. Ya mawe haiyeyuki yote ndani ya donge, na punje zinazobaki hutoboa uso na kuvunja kingo pale unapokata. Chumvi ya bahari isiyosafishwa ina kasoro nyingine: huwa na mabaki ya kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya unyevu wa hewa upesi kuliko chumvi yenyewe. Chumvi safi huanza kujiyeyusha pale unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75. Ikiwa na magnesi, huanza kulowa mapema zaidi.

Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu, kisha mimina robo tatu ya maji na uanze kukanda. Yanayobaki ongeza kijiko kimojakimoja. Donge likigandamana na vidole, maji yamezidi: ongeza unga kidogo. Likikatika ukilikunja, yamepungua. Kanda dakika 8 hadi 10 mpaka uso uwe laini, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, liache dakika 20. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa duara walilokata limegeuka yai. Donge lililokandwa punde bado linajivuta, na likipumzika hubaki na umbo ulilolipa.

Sukuma katikati ya karatasi mbili za kuokea hadi unene wa milimita 5. Usikadirie kwa macho. Weka vijiti viwili vya unene huo, kimoja kila upande wa donge, kifimbo kipite juu yake. Kipande chenye upande mnene na upande mwembamba hukauka kwa kasi mbili tofauti, upande mwembamba unajikunja kwanza, na hapo ndipo mipasuko ya pembeni inapoanzia. Kwa sababu hiyo hiyo, nyota yenye ncha ndefu nyembamba ni ngumu kuliko duara au moyo. Anza na maumbo manene.

Tundu la kupitishia uzi litoboe kwa mrija wa kunywea, milimita 8 au zaidi kutoka ukingoni. Tundu la kijiti cha meno hujifunga kipande kinapokauka, na lililo karibu sana na ukingo hukatika siku ya kutundika. Ukimaliza, geuza kila kipande na ukichome kwa sindano mara tano au sita upande wa nyuma, bila kutokeza mbele. Hizo ndizo njia za mvuke.

Kukausha, si kuoka

Nyuzi 180 ni joto la keki. Katika joto hilo uso wa kipande hukauka na kuwa gamba wakati katikati bado kuna maji. Maji yakichemka mvuke unakosa pa kutokea, unainua gamba, na huo ndio uvimbe unaouona. Unga nao unaanza kubadilika rangi kuwa kahawia.

Mapambo haya yanakaushwa, hayaivishwi. Weka oveni nyuzi 100, na hata ukiwa na haraka usizidishe 120. Ukiweza, yaache kwanza usiku mzima juu ya wavu, uyageuze mara moja, ndipo yaingie ovenini. Yakishaingia, yape saa 2 hadi 3, ukiyageuza baada ya saa ya kwanza. Oveni nyingi za nyumbani hudanganya kwa nyuzi 10 au 20, kwa hiyo ukiona rangi ya kahawia inaanza, punguza joto na uongeze muda.

Utajuaje yamekauka? Kugonga na kusikiliza mlio kunasaidia, lakini mizani ni ya kuaminika zaidi. Pima vipande vyote kwa pamoja kila baada ya nusu saa, kwani mizani ya jikoni haitambui badiliko la nusu gramu kwenye kipande kimoja. Uzito ukibaki ule ule mara mbili mfululizo, maji yamekwisha. Usipokuwa na mizani, acha kipande kipoe kisha kiguse shavuni: kikiwa cha baridi kuliko sahani kavu iliyo karibu nacho, bado kina unyevu. Zima oveni, acha mlango wazi kidogo, na mapambo yapoe humo humo. Kuyatoa ghafla kwenye hewa baridi huleta vijipasuko vyembamba kama nywele.

Maikrowevu iache. Huchemsha maji yaliyomo ndani kabla uso haujawa tayari, nawe utapata uvimbe kwa dakika moja badala ya ishirini. Asiye na oveni akaushe kwenye hewa kavu yenye mzunguko, vipande vya milimita 4, siku 3 hadi 5, akivigeuza kila siku.

Mpasuko mdogo unazibika. Chukua donge kidogo lililobaki, lilainishe kwa maji liwe uji mzito, lijaze kwenye ufa, kausha tena saa moja, kisha lainisha kwa msasa namba 240.

Rangi na vanishi

Hapa ndipo mapambo yako ya mwaka jana yalipoharibikia. Umeyapaka mbele tu, nyuma yakabaki wazi, na chumvi ikaendelea kunyonya unyevu kupitia huko. Maji yaliyoingia nyuma ndiyo yaliyosukuma rangi ya mbele mpaka ikabanduka. Mfuko wa plastiki ulizidisha: kama vipande havikuwa vimekauka kabisa, unyevu ulikosa pa kwenda.

Subiri saa 24 baada ya kukausha. Paka rangi ya akriliki, tabaka nyembamba. Rangi za maji za watoto wa shule zinahitaji maji mengi, na maji hayo huyeyusha chumvi ya juu, kisha yakikauka huacha ukungu mweupe usiofutika. Rangi ikikauka, pitisha vanishi ya mafuta au ya poliyurethani, tabaka 2 hadi 3, kila moja ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Paka mbele, nyuma, ukingo wote, na ndani ya tundu. Tundu ndilo husahauliwa, na uozo wa kipande mara nyingi huanzia hapo. Madirisha yawe wazi na moto wowote uwe mbali, na kazi hii ifanywe na mtu mzima. Gundi nyeupe ya karatasi hutumiwa na wengi kama vanishi, lakini yenyewe hulainika ikipata maji. Kwa pambo la msimu mmoja inatosha, la kutunza miaka haitoshi.

Kuhifadhi: bati lenye mfuniko unaobana, kila kipande kimefungwa kwenye karatasi laini, pamoja na vifuko kadhaa vya silika jeli, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Yale ya mwaka jana yaliyolainika usiyatupe kabla ya kuyaangalia. Ambayo hayana vanishi, yarudishe ovenini kwa nyuzi 70 mpaka uzito utulie. Rangi iliyobanduka ikwangue kwa msasa namba 120, malizia na 240, upake upya pande zote. Yenye madoa meusi ya kuvu tupa.

Jambo moja la usalama. Pambo likikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni chumvi, na mbwa hulipenda kwa harufu ya unga. Kipande kimoja au viwili vinaweza kumpa mbwa mdogo sumu ya chumvi. Tundika juu asikofika, na akila mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili.

Kama mahali unapoishi hewa ni ya unyevu mwaka mzima, mimi ningeacha chumvi kabisa. Tumia magadi soda ya kuokea, ile nyeupe ya unga, vikombe 2. Wanga mweupe wa mahindi (si unga wa mahindi) kikombe 1. Maji kikombe 1 na robo. Changanya sufuriani, pika moto wa wastani huku ukikoroga mfululizo mpaka mchanganyiko uachane na kuta za sufuria na kuwa bonge moja. Ufunike kwa kitambaa chenye unyevu upoe, ukande dakika 2, usukume na kukata kama kawaida. Unatoka mweupe kuliko wa chumvi, laini usoni, na haunyonyi maji kwa kiasi kile. Kausha hewani siku 1 hadi 2, au ovenini kwa nyuzi 80. Usizidishe: magadi soda yakipata joto kali hutoa gesi, na vipande hupata malengelenge.

Nyota ya ncha sita

Unapata ncha nane kwa sababu unakunja nusu, nusu tena, nusu ya tatu, halafu ya nne. Mkunjo huo unatoa kabari ya nyuzi 22.5, inayoingia mara kumi na sita kwenye duara, yaani kabari mbili kwa kila ncha. Unahitaji kabari ya nyuzi 30, inayoingia mara kumi na mbili: ncha sita, kila moja ikiwa na nusu mbili zinazolingana. Theluji halisi ina pembe sita kwa sababu molekuli za maji zinapoganda hujipanga katika mtandao wa pembe sita. Mwanafalaki Johannes Kepler alilijadili swali la pembe hizo mwaka 1611, na Wilson Bentley wa Vermont, Marekani, akapiga picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji mwaka 1885. Nyota ya ncha nane inapendeza, lakini theluji siyo.

Kata duara kwa kufuata sahani ya kipenyo cha sentimita 20. Likunje nusu. Sasa una upande mnyofu wa sentimita 20, na kati yake iko sentimita 10. Kata ukanda wa karatasi wa sentimita 10, weka ncha yake kwenye pembe ya nusu duara, uuelekeze ncha ya pili iguse ukingo wa mviringo, tia alama hapo. Fanya vivyo hivyo kutoka pembe ya pili. Alama hizo mbili zimegawa ukingo sehemu tatu sawa, bila protrakta. Kunja upande wa kulia kufuata mstari unaotoka kati hadi alama ya kwanza, wa kushoto uje juu yake, kisha kunja kabari nzima nusu. Una tabaka 12.

Tabaka 12 za karatasi ya kawaida ya gramu 80 zina unene wa zaidi ya milimita moja, na mkasi huzisukuma: mkato wa juu na wa chini havilingani. Tumia karatasi ya gramu 60 au nyepesi zaidi, na mkasi mfupi wenye ncha kali. Zungusha karatasi, si mkasi. Anza na mikato midogo ya karibu na kitovu, ile mikubwa ya ukingoni iwe ya mwisho, maana ukiondoa ukingo mapema hutabaki na pa kushika. Kila upande wa mkunjo uache sehemu ambayo hujaigusa. Ukiukata wote, nyota inatawanyika vipande sita mezani.

Ifungue polepole kuanzia nje, iweke kati ya karatasi mbili safi, ipige pasi ya moto wa chini bila mvuke. Kama unaitundika, pitisha uzi kwenye ncha mbili zilizo jirani badala ya moja. Ikishikwa kwa ncha moja hujizungusha na kukaa upande.