Usilipe kwenye akaunti mpya kabla ya kupiga simu

Ndugu yangu, umeuliza iwapo barua pepe iliyofika ofisini kwenu Moshi, inayodai kwamba hoteli mnayoipelekea wageni imebadilisha akaunti ya benki, ni ya kweli. Kwa maelezo uliyotoa naona dalili zote za utapeli, hivyo nakusihi usilipe chochote kwanza.

Jina linaloonekana juu ya ujumbe halithibitishi kitu, kwa sababu mtu yeyote anaweza kujiandikia jina alitakalo; fungua anwani kamili uisome herufi kwa herufi. Katika ofisi ya utalii niliyofanyia kazi hapa Arusha, mhasibu alikaribia kutuma malipo ya wageni wa Kilimanjaro, mpaka tulipokuza maandishi na kuona kwamba herufi "m" katika anwani ilikuwa "r" na "n" zilizobanana. Niliumia kuona jinsi tulivyokaribia kupoteza fedha za watu waliotuamini.

Usijibu barua hiyo, wala usipige namba iliyomo ndani yake. Mpigie meneja wa hoteli kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, kisha umwombe akusomee namba ya akaunti ya hoteli.

Ikiwa mmekwisha kubofya kiungo na kuingiza nywila, ibadilisheni kwa kutumia kifaa kingine, washeni uthibitishaji wa hatua mbili (yaani mbali na nywila, hitaji uthibitisho wa pili, kama vile msimbo kwenye simu), na mkague mipangilio ya barua pepe, kwani wezi hupenda kuacha humo amri ya siri inayowatumia nakala za barua zenu. Kama fedha zimekwisha kutoka, piga simu benki saa hiyo hiyo, halafu nenda polisi ukiwa na barua yenyewe, bila kuifuta.