Plate moja, sufuria moja: ninavyopika usiku nikitoka kazini

Mleta mada umeuliza upike nini usiku kwa plate moja na sufuria moja, swali la maana, na watu wamekujibu kwa utani. Unarudi kazini usiku, una mtungi mdogo wa kilo 6 wenye plate moja juu yake, mtoto ana njaa, na wote wawili mmeshachoka na chipsi mayai za pale kona. Nusu ya wachangiaji wamekwambia uoe, wakati umeandika wazi kwamba shemeji yetu yupo, ila anaingia shifti ya usiku. Basi nakujibu mimi, kwa sababu kwangu pia jiko la jioni ni langu, na kwa miaka mingi tulikuwa na plate moja tu.

Mkuu, chakula cha sufuria moja si kumwaga kila kitu kwa pamoja, ukafunika, ukaenda kuangalia taarifa ya habari. Wengi wanafanya hivyo, wanapata uji wenye vipande vya karoti, kisha wanarudi kwa muuza chipsi. Kila kinachoingia sufuriani kina muda wake. Choroko kavu zinataka nusu saa na zaidi. Kiazi kilichokatwa vipande vya kidole gumba, dakika 15 mpaka 20. Mchele nao karibu hivyo hivyo. Mchicha dakika tatu tu. Ukijua nani atangulie na nani aje mwisho, hata mapishi ya kwenye simu huyahitaji. Nyama ya ng'ombe ya mchanganyiko iache kabisa siku ya kazi, labda kama uliichemsha Jumapili. Kuku wa kienyeji hali kadhalika. Siku za kazi ni za kuku wa kisasa, samaki, dagaa, mayai, nyama ya kusaga na maini.

Halafu kuna suala la nyanya, ambalo sioni watu wakilisema. Nyanya ina uchachu, na uchachu unachelewesha maharage, kunde na hata viazi kulainika. Ukiona viazi vyako vimechemka muda mrefu kwenye rosti na bado vinagoma, sababu mara nyingi ni hiyo. Mimi viazi, ndizi na kunde naviivisha kwanza kwa maji, chumvi na kitunguu, nyanya inafuata baadaye. Ndimu ndiyo ya mwisho kabisa, moto ukiwa umeshazimwa.

Sasa tupike. Chakula ninachokipenda kuliko vyote kwa mazingira yako ni mseto, na nashangaa hakuna aliyeutaja. Watu wa pwani wanaufahamu: mchele na choroko ndani ya tui la nazi, unafanana na kichri cha Wahindi. Asubuhi kabla hujatoka, chambua kikombe kimoja cha choroko, toa mawe, osha, loweka, funika, nenda zako. Si lazima kuloweka, ila zikishalala majini zinaiva haraka na gesi unaiokoa. Njiani ukirudi pitia sokoni, nazi moja wakukunie kwa mashine palepale. Hakuna sababu ya mtu aliyetoka kazini kukaa juu ya mbuzi saa mbili usiku.

Ukifika nyumbani, jambo la kwanza bandika choroko, hata nguo za kazi hujavua. Maji vikombe vitatu. Wakati zinachemka, kamua nazi kwa maji ya vuguvugu. La kwanza ni tui zito, liweke pembeni kwenye bakuli. Rudia mara ya pili na ya tatu upate tui jepesi. Choroko zikianza kupasuka maganda lakini hazijavurugika, tia kitunguu kilichokatwa, chumvi, na mchele kikombe kimoja na nusu uliooshwa. Mchele wa chenga unafaa sana hapa, usijisumbue na ule wa bei. Maji ya choroko usiyamwage. Ongeza tui jepesi mpaka lizidi mchele kwa pingili moja ya kidole. Pilipili mbuzi iweke nzima juu yake, isipasuke: harufu tu inatosha, na mtoto atakula bila kulia.

Maji yakikaribia kukauka ndipo tui zito linaingia. Koroga taratibu kwa mwiko, punguza moto mpaka mwisho, funika. Tui zito halitaki kuchemshwa kwa fujo, litakatika ubaki na mafuta yanayoelea juu. Baada ya dakika kumi hivi umemaliza. Mseto hautakiwi kuwa wa kuchambuka kama pilau, ni laini, mwiko unauponda kidogo. Kula na kachumbari yenye ndimu. Ukitaka kitoweo, kaanga dagaa au vipande vya samaki mwanzoni kabisa katika sufuria hiyo hiyo, watoe kwenye sahani, futa mafuta yaliyozidi, ndipo ubandike choroko. Kitoweo kwanza, chakula baadaye: ukiwa na plate moja hiyo ndiyo foleni sahihi, maana samaki wa kukaanga haharibiki kwa kusubiri ila wali unaharibika.

Kuhusu dagaa, wa Mwanza wengi huanikwa mchangani, kwa hiyo usiwaamini kwa macho. Toa vichwa, waoshe kwa maji ya moto, rudia mpaka chini ya bakuli kusiwe na mchanga. Wa Kigoma wana unafuu. Wakaange wakauke vizuri, ndimu waikute mwishoni.

Wali wa kuku nao unaingia kwenye sufuria moja bila shida. Wengine watauita pilau, wengine watakataa kwa hasira, mimi simo. Chukua vipande vya kuku wa kisasa, vipake chumvi, tangawizi na kitunguu saumu. Mafuta kidogo sufuriani, lala vipande upande wa ngozi viwe rangi ya kahawia, vitoe. Katika mafuta hayo kaanga kitunguu, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu rangi yote ya chakula chako inatoka kwenye kitunguu hicho. Kikiwa cheupe, wali utakuwa mweupe. Kikiungua, utakuwa mchungu. Bizari nyembamba, mdalasini, iliki na karafuu mbili tatu vinafuata, vikinukia rudisha kuku, tia maji ya moto vikombe vinne, chemsha dakika kumi. Kisha mchele vikombe viwili.

Kipimo cha maji ndicho kinachowaumbua watu, na kosa si lao. Mchele mpya, uliovunwa karibuni, hauhitaji maji mengi, ukiujaza unakuwa bokoboko. Mchele uliokaa ghalani unakunywa. Muulize muuza duka, wengi wanajua na watakwambia. Kwa mpya mimi nahakikisha supu iliyobaki haizidi vikombe vitatu kwa viwili vya mchele. Kwa wa zamani inafika karibu vinne.

Kwenye mkaa tulizoea kupalia, makaa juu ya kifuniko. Gesi haina hayo, kwa hiyo mvuke lazima ubaki ndani. Kuna mtindo wa kufunika wali kwa nailoni kabla ya kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini jikoni kwa watu bado naiona juu ya wali wa moto, na sielewi tunakula nini pale. Weka kifuniko kinachokaa sawasawa, juu yake bandika sufuria nyingine yenye maji iwe uzito. Maji yakisikika yamekauka, shusha moto mpaka mwisho wa swichi, dakika 12, usifunue. Maji ya juu yanapata uvuguvugu, yatumie kuoshea vyombo.

Ndizi sasa. Kama genge lako lina ndizi za Bukoba, hizo zinalainika upesi. Mshale wa Moshi ni mgumu kidogo na unastahimili kukorogwa. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya, utomvu hautakusumbua, na kila unayomenya itumbukize majini isiwe nyeusi. Bandika ndizi na kitunguu, chumvi, karoti, maji ya kuzifikia tu, si kuzizamisha. Zikiiva, kwaruza nyanya mbili juu yake, ziache zichemke kidogo, kisha tui zito, kisha lala samaki wa kukaanga au wa kubanikwa juu dakika tano apate joto. Usikoroge. Shika sufuria kwa vitambaa pande mbili uitikise. Asiye na nazi atumie karanga iliyosagwa, aikoroge kwanza na maji ya baridi kwenye kikombe ndipo aimimine, na kuanzia hapo asiondoke jikoni, karanga inakamata chini haraka mno. Viazi ulaya vinapikwa kwa mtindo huohuo, na mihogo pia ukishatoa ule mzizi wa katikati.

Tambi ni za siku ambayo umechoka mpaka kuongea huwezi. Kaanga nyama ya kusaga mpaka maji yake yakauke na ianze kutoa mafuta, kitunguu, saumu, hoho, nyanya, na hapa nyanya haina tatizo kwa sababu tambi hazigomi. Tia maji, yakichemka vunja tambi katikati uzitumbukize, koroga sana dakika mbili za mwanzo zisigandane, baadaye mara mojamoja. Dakika kumi na chache zimeiva na maji yamegeuka rojo. Hakuna kumwaga maji wala kuchuja.

Sufuria yenyewe ina maneno yake. Zile nyembamba za bei ya chini zinaunguza katikati kwa sababu moto wa gesi ya plate moja unapiga sehemu ndogo tu, wakati mkaa unasambaa. Kama bajeti inaruhusu, tafuta moja nene, pana kuliko kwenda juu, na kifuniko chake chenyewe. Usinunue seti ya sita. Kama unayo nyembamba tu, moto uwe mdogo na uizungushe kila baada ya muda, upande uliokuwa nyuma uje mbele.

Jumapili ndiyo inayookoa wiki. Kwangu nachemsha nyama na maharage kwenye presha kuka, nagawa kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja, naweka kwenye friza pamoja na supu yake. Saumu na tangawizi nasaga na maji kidogo, nagandisha kwenye kile kitrei cha barafu, kila siku natoa kidonge kimoja. Hivyo hata makande yanawezekana siku ya kazi: mahindi yaliyokobolewa na maharage yalishaiva Jumapili, Jumatano unaunga tu kwa kitunguu na nazi, dakika 20. Umesema huna friji, basi sahau nusu ya aya hii. Nunua kwa fungu kila siku, na ndani ya nyumba weka vitu vikavu: choroko, dagaa, tambi, karanga, mchele. Hivyo peke yake vinakutosha milo mingi. Mayai pia, ukiyapasulia juu ya rosti ya nyanya na hoho, ukafunika dakika tano, unakula na mkate au na viporo vya viazi.

Ila kiporo cha wali wa nazi bila friji, kwa joto la Dar, usikitegemee asubuhi. Kinachacha, na wali uliolala nje usiku kucha unaweza kukuumiza tumbo hata kama haujanuka, kuupasha moto hakusaidii kila mara. Pika unaotosha usiku huohuo. Mtoto wako mdogo na wewe mtu mmoja, kikombe kimoja na nusu cha mchele kinawatosha na shemeji akachukua chake kwenye hotpoti anapokwenda kazini, kama unawahi kabla hajatoka.

Na yule aliyeuliza kule juu ugali uko wapi katika haya yote: haumo. Ugali unataka sufuria yake na mboga inataka yake, kwa hiyo siku ya ugali mboga itangulie, ihamie kwenye hotpoti, sufuria ioshwe, ndipo maji ya ugali yabandikwe. Mimi siku hiyo napika mchicha wa karanga, kwa sababu ukikaa dakika 20 kwenye hotpoti hauharibiki. Samaki wa kukaanga ndani ya hotpoti anatoka jasho na kulainika, huyo muweke kwenye sahani wazi.