Maswali ya Wasomaji: Mchoraji Asiye na Bustani

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Lubumbashi. Ninajifunza uchoraji, na mwalimu wetu husema kwamba bustani imewalea wasanii wengi. Nyumbani kwetu Katuba kuna mwembe mmoja na matuta ya lengalenga ya mama. Kwingine kote ni vumbi jekundu. Je, niombe ruhusa ya kuchorea kwenye bustani za matajiri?

JIBU: Ndugu msomaji, ruhusa ya kuomba ni ya mama yako tu, usije ukamkanyagia mboga.

Mwalimu wako huenda alimfikiria Claude Monet wa Ufaransa, aliyehamia kijiji cha Giverny mwaka 1883, na miaka 10 baadaye akanunua kiwanja cha pili, ng'ambo ya reli, ili achimbe bwawa la mayungiyungi. Majirani walimpinga, wakihofia kwamba mimea yake ya kigeni ingetia sumu maji ya kijito. Bwawa hilo si kubwa. Hata hivyo alilirudia kwa karibu miaka 30, asubuhi, jioni, penye ukungu na penye jua, akaacha takriban picha 250 za mayungiyungi hayo. Wengi humwonea wivu kwa maua yake, ilhali mimi namwonea wivu kwa subira ya kukaa mahali pamoja.

Wala huna haja ya kwenda mbali kutafuta walimu. Katika karakana iliyoanzishwa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946 mjini mwenu, wakati huo ukiitwa Elisabethville, Pilipili Mulongoy alijaza picha zake majani, ndege na samaki hadi pasibaki nafasi tupu, naye Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole. Hao hawakunakili bustani iliyokuwa mbele yao. Walichora mimea na wanyama waliokwisha kuwabeba kichwani, na ndiyo maana jani la Pilipili hulitambui kwa jina la mti bali kwa mkono wake.

Basi anza na tuta moja. Lichore kila juma, tangu mvua za Novemba hadi kiangazi kitakapolikausha, kisha siku moja ulichore ukiwa ndani ya nyumba, bila kulitazama. Mijakaranda ya Septemba iache kwanza, kwa kuwa rangi yake humpendeza mtazamaji kabla mchoraji hajafanya kazi yoyote. Na umsihi mama asing'oe lengalenga zote: zikikomaa hutoa mashuke, nayo yanachoreka vizuri sana.